MAMBO YA AFYA: PUMU YA WATU WAZIMA

Jina la Burnt Forest maana yake ni msitu ulioungua, lakini moshi unaowadhuru wengi huko siku hizi si wa msitu, ni wa jikoni. Mji huo, ulio kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret, umeinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Baridi inapozidi, milango hufungwa mapema na kuni huwashwa ndani. Baridi na moshi vikikutana, kifua cha mwenye pumu hubana.

Wengi hudhani pumu ni maradhi ya watoto. Sivyo. Yaweza kumwanza mtu akiwa na miaka 40 au zaidi, na ikimwanza katika umri huo si rahisi kumtoka. Mkulima hukohoa usiku, akasema ni mafua, akanunua dawa ya kikohozi dukani, na miaka ikapita.

Hapo ndipo penye hatari. Ndani ya njia za pumzi mna uvimbe usiokoma hata siku mtu ajionapo mzima. Ukiachwa miaka mingi, kuta za njia zile huwa nene, wala hazirudi katika upana wake wa kwanza. Tena matabibu wameona kwamba watu wazima wenye pumu ya kudumu hupatwa na maradhi ya moyo zaidi ya wenzao.

Kile kichupa cha buluu cha kuvuta hufungua kifua upesi, ndiyo maana hupendwa. Lakini uvimbe hakiugusi. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haukubali tena mtu mzima atibiwe kwa dawa hiyo peke yake. Yampasa apate pia dawa ya kuvuta yenye steroidi, ya kutuliza uvimbe. Wengine huliogopa neno hilo. Hofu yao ingefaa zaidi kwa vidonge: amezaye vidonge vya steroidi kila abanwapo hujitafutia kisukari, shinikizo la damu na mifupa dhaifu, ilhali dawa ya kuvuta huenda mapafuni kwa kipimo kidogo sana. Vidonge vina siku yake, siku ya hatari, kwa amri ya daktari.

Atumiaye kichupa cha buluu zaidi ya mara mbili kwa juma, au aamkaye usiku kwa kubanwa, na aende hospitali apimwe nguvu ya pumzi. Achukue na kichupa chake, aonyeshwe namna ya kukivuta, maana wengi hukivuta vibaya, dawa ikabaki kooni.