Si Uasi, Ni Vita

Hata leo wako wasomi wanaoviita Vita vya Maji Maji "uasi". Neno hilo tulipewa misheni, nasi tukalikariri bila kuuliza. Mtu humwasi aliye na haki ya kumtawala. Haki hiyo Mjerumani aliipata kwa nani? Mwezi Agosti 1905 wapiganaji walikiangamiza kikosi kidogo cha Wajerumani hapo Ifakara, wakafungua njia ya Mahenge. Serikali ikajibu kwa kuchoma mashamba na maghala, ili njaa iyamalize yaliyoshindikana kwa risasi. Ndivyo bonde la Kilombero, bonde la mpunga, lilivyozika watoto wake kwa njaa. Hayo hatukusomeshwa. Walimu wa Ifakara, lifuteni neno hilo ubaoni.