Weledi wa Nyota Uhura

Mtu wa Tanga ana haki ya kuuingilia ubishi huu wa wapenzi wa filamu za Star Trek, kwani jina la anayeshtakiwa ni letu: Uhura ni uhuru uliobadilishwa irabu ya mwisho ili usikike kike, kana kwamba ngeli zetu zajua mume na mke!

Tangu mfululizo uanzishwe upya mwaka 2009, afisa huyu wa mawasiliano anashutumiwa kuwa hana weledi. Ushahidi ni filamu ya 2013: chombo kikielekea hatarini, anagombana na Spock, mpenzi wake, mbele ya nahodha wao, Kirk. Hapo simtetei. Lakini muda mfupi baadaye anashuka peke yake kuwakabili maadui wa Kiklingoni, wenye silaha, kwa lugha yao wenyewe. Mazungumzo yanavunjika, ni kweli. Ila ni mkalimani gani kati yetu angethubutu kushuka?

Na Kirk je? Katika filamu hiyohiyo anawaandikia wakuu wake taarifa ya uongo, ananyang'anywa chombo, kisha anarudishiwa. Huyo anaitwa jasiri.