Miaka 150 ya Visitation

Mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja, masista sita wa shirika la Kikatoliki la Visitation walitoka St. Louis wakaja Saint Paul, Minnesota, kufungua shule ya wasichana yenye jina hilo. Mambo hayo mawili hayahusiani hata kidogo, ila sisi wa kutoka Afrika Mashariki tunaoishi Minnesota hatuna kipimo kingine cha umri: shule hii ilizaliwa miaka ileile wasichana waliookolewa majahazini walipokuwa wakisomeshwa na wamisheni kule Unguja. Mwaka 2023 ilitimiza miaka 150. Hongera zake.

Masista wa Visitation hawakuwa wa kwanza mjini. Masista wanne wa Mtakatifu Yosefu walishuka kwenye meli ya mto Mississippi Novemba 1851, wakaanza kufundisha katika sakristia ya kanisa la magogo, Minnesota ikiwa bado haijawa jimbo. Shule yao, St. Joseph's Academy, ilifungwa mwaka 1971. Miaka hiyo shule za wasichana ziliozwa moja baada ya nyingine. Shule ya Summit iliungana na shule ya wavulana mwaka 1969. Northrop ya Minneapolis ikaingia shule ya Blake, na kama mabibi arusi wengi, jina lake likapotea. Holy Angels ikapokea wavulana mwaka 1972. Derham Hall ikaungana na shule ya Cretin mwaka 1987.

Visitation ilihamia Mendota Heights mwaka 1966 na haikuozwa. Wavulana husoma madarasa ya chini tu. Kuanzia darasa la sita ni wasichana watupu, ingawa shule ya wavulana ya Saint Thomas ni jirani yao kabisa.

Wapo watakaosema huo ni ukale. Waulize waliosoma shule za wasichana kwetu, kama Loreto Msongari ya Nairobi au Gayaza ya Uganda. Huko hakuna mvulana wa kuachiwa kazi: anayewasha kichomeo cha maabara ni msichana, anayesimama kwenye mdahalo ni msichana, na jenereta ikizima, anayetumwa na tochi ni msichana. Mtu aliyelelewa hivyo haombi ruhusa ya kusema kwenye mkutano.

Lakini karo ya shule binafsi hapa si ya mchezo. Mama wa Brooklyn Park anayefanya zamu mbili kwenye nyumba ya wazee huisikia Visitation kwa mbali tu. Hata hivyo, masista wa Visitation wenyewe walikwisha kuonyesha njia: mwaka 1989 baadhi yao walifungua nyumba kaskazini mwa Minneapolis, katikati ya majirani wa kipato kidogo, na jirani alipobonyeza kengele, sista alikuja kufungua.

Ombi letu kwa bodi ya shule ni hili: jubilei hiyo izae nafasi za ufadhili kwa mabinti wa mitaa hiyo ya kipato kidogo, na habari zake ziwafikie wazazi makanisani na misikitini, kwa Kiswahili na Kisomali, kabla muda wa maombi haujafungwa.