Mtambo wa kuazima na sauti ya mwenyeji

NCHINI Japani, mji ukifikwa na maafa, uongozi wake unaweza kuomba kwa simu kibali cha kurusha matangazo, ukakubaliwa kwa simu hiyo hiyo, na karatasi zikafuata baadaye. Aidha, ofisi za kanda za wizara inayosimamia mawasiliano zinahifadhi mitambo midogo ya FM inayobebeka, ambayo miji huiazima ili kuwatangazia wakazi wapi pana maji, hospitali ipi iko wazi na barabara ipi imekatika.

Sisi tunauona utaratibu huu kuwa wa busara, wala hatuoni aibu katika mji kuazima. Mtambo ambao pengine hautahitajika kwa miaka ishirini, ukinunuliwa na kila mji, utaozea stoo. Hata hivyo, mtambo peke yake hautoshi, na historia ya Wajapani wenyewe ndiyo shahidi.

Tarehe 17 Januari 1995, saa 11 na dakika 46 alfajiri, tetemeko liliupiga mji wa Kobe na vitongoji vyake, na watu zaidi ya 6,400 wakafariki. (Msikiti wa mji huo, uliojengwa mwaka 1935, ulibaki umesimama.) Ulimwengu mzima uliiona kwenye televisheni ile barabara ya juu iliyolala ubavu. Aliyelala nje kwenye baridi hakuwa na umeme wa kuiona, na hata angeiona, isingemwambia ni shule gani inayogawa chakula. Kituo cha muda cha mkoa wa Hyogo kilianza kutangaza Februari 15, karibu mwezi mzima baada ya msiba.

Wakorea wa kata ya Nagata hawakungoja. Januari 30, wakisaidiwa na wenzao wa Osaka waliokuwa na kituo kidogo, walianzisha FM Yoboseyo, jina lililotokana na neno la Kikorea ambalo mtu hulitamka anapopokea simu. Mwezi Aprili, katika eneo la kanisa la Takatori, kikaanza FM Yumen kwa ajili ya Wavietinamu na wageni wengine. Hawakuwa na leseni, na wakubwa hawakuwafungia. Vituo hivyo viwili viliungana, vikaitwa FMYY, na leseni ikatolewa tarehe 17 Januari 1996, mwaka mmoja kamili tangu siku ya tetemeko.

Haraka ya Wakorea haikuwa ya bure. Septemba 1, 1923, tetemeko liliposambaratisha Tokyo na Yokohama, ulizuka uvumi kwamba Wakorea wanachoma nyumba moto na kutia sumu visimani. Makundi ya watu wenye silaha yakasimama njia panda, yakawakagua wapitao kwa kuwatamkisha maneno ya Kijapani, na wengi mno wakauawa. Redio ya umma ilikuwa haijaanza. Ilianza mwaka 1925. Lakini mtambo wa redio ulikuwapo. Kituo cha jeshi la majini cha Funabashi kilirusha kwa mawimbi ujumbe wa wizara ya mambo ya ndani ukidai kuwa Wakorea wanachoma moto. Yaani uvumi wa mtaani ulipewa muhuri wa serikali, ukasafirishwa kwa chombo bora kuliko vyote vilivyokuwapo siku hiyo.

Ndiyo maana tunasita tunaposikia maafa yakizungumzwa kana kwamba jambo zima ni kupata mtambo. Baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011, vilifunguliwa yapata vituo 30 vya muda, na vingine vilidumu kwa miaka. Mtambo ulipatikana upesi kuliko ule mwezi wa Kobe, na hilo ni la kushukuriwa. Lakini mzee asiyeelewa Kijapani cha ofisini, au mfanyakazi mgeni aliyefika mwezi uliopita, ananufaika na nini ikiwa mtangazaji hamjui wala hamfahamu lugha yake?

Kwa hiyo tunawashauri wanaoweka mitambo hiyo waongeze swali moja katika fomu ya kuazima, lijazwe siku ya amani na wala si usiku wa maafa: nani atakayezungumza, na kwa lugha ngapi?