Shilingi ya Nani? Upatanisho wa Bei katika Duka la Mtandaoni

Mwanafunzi wa sarufi hujifunza mapema kuwa idadi huitegemea nomino: vitabu vitano, shilingi tano. Waandishi wa programu za maduka ya mtandaoni aghalabu hulisahau jambo hili. Katika hifadhidata huwekwa tarakimu 500 chini ya neno "bei", na nomino yake ikabaki kichwani mwa aliyeiandika. Maadamu duka linauza Nairobi pekee, hakuna anayeumia. Siku linapomfungulia mlango mnunuzi wa Arusha au Kampala, tarakimu ile huwa yatima.

Kosa hili lina historia. Chini ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia shilingi moja. Mwaka 1966 kila nchi ilianza kutoa yake, lakini jina likabaki lile lile. Ndiyo maana bei ihifadhiwe pamoja na alama yake ya kimataifa: KES, TZS au UGX.

Hata alama hizo hazitoshi kwa asiyezielewa. Mifumo mingi ya malipo hupokea kiasi katika kipimo kidogo kabisa cha sarafu, kwa namba nzima. Kompyuta ikiachiwa desimali za kawaida, 0.1 kujumlisha 0.2 huleta 0.30000000000000004. Kwa hiyo shilingi 500 za Kenya huandikwa 50000, yaani senti. Lakini katika orodha ya ISO 4217 shilingi ya Uganda haina senti. Anayezidisha kila bei kwa 100 humdai mteja wa Kampala shilingi 50,000 kwa bidhaa ya shilingi 500.

Kisha kuna ubadilishaji wenyewe. Tuseme kalamu ni shilingi 19 za Kenya, na shilingi moja ya Kenya ni 27.35 za Uganda. Kalamu moja ni 519.65, yaani 520. Tatu ni 1,560. Lakini zikijumlishwa kwanza kwa shilingi za Kenya, kisha 57 zikabadilishwa, jibu ni 1,559. Wahasibu watabishana. Hata hivyo, mnunuzi aliyeonyeshwa 520 atazidisha 520 kwa tatu, na programu haina budi kumfuata: ibadilishe bei ya kila bidhaa mara moja, ikadirie, na ihifadhi kiwango kilichotumika pamoja na oda, ili fedha zikirejeshwa zirejeshwe kwa kiwango hicho hicho.

Wapo watakaouliza haya yanaihusu vipi idara ya Kiswahili. Na wasome ukurasa wa malipo uliotafsiriwa. "Bei iliyokadiriwa" ni ipi? Kitenzi "kukadiria" hubeba maana mbili: kuiondoa desimali ili ibaki namba nzima, na kubuni kiasi ambacho huenda kikabadilika. Kwa maana ya kwanza mnunuzi anaambiwa bei ya mwisho. Kwa ya pili anaonywa kuwa kesho atadaiwa zaidi. Hapa mwandishi wa programu hana kosa, kwani hakupewa istilahi. "Makisio" lipo tayari na lingetosha kuibeba maana ya pili, "kukadiria" likaachiwa ya kwanza. Kinachokosekana ni watu wa lugha kuketi na wanaoandika kurasa hizo kabla hazijafunguliwa kwa wateja.