Hati ya Pamoja Haizai Ushirikiano

Imani iliyoenea miongoni mwa walimu, wakuu wa shule na watunga sera za elimu ni kwamba wanafunzi wakifunguliwa hati moja mtandaoni, ambayo kila mmoja anaweza kuiandika na kuihariri wakati uleule na wenzake, watashirikiana wenyewe, na mwalimu atabaki na kazi ya kukusanya matokeo. Imani hiyo ni potofu, na inadhuru kwa sababu inamwondoa mwalimu mahali hasa ambapo anahitajika zaidi.

Zana shirikishi, yaani programu zinazowawezesha watu kadhaa kufanyia kazi andiko, jedwali au ubao mmoja wa kidijitali kila mtu akiwa kwenye kifaa chake, huondoa kikwazo kimoja tu, nacho ni umbali. Haziondoi uvivu, hazimfundishi mwanafunzi kumpinga mwenzake kwa hoja, wala hazimpi mtu sababu ya kumhitaji mwingine. Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, alipochapisha mwaka 1913 matokeo ya majaribio yake ya kuvuta kamba, alionyesha kuwa kadiri wavutaji walivyoongezeka ndivyo nguvu aliyotoa kila mmoja ilivyopungua. Sehemu ya upungufu huo inatokana na watu kutovuta kwa pamoja, lakini sehemu nyingine ni kutegea, yaani mtu kupunguza juhudi akijua kwamba mchango wake umefichika ndani ya ule wa kundi. Hakuna sababu ya kuamini kwamba skrini imeiponya tabia hiyo.

Lichukuliwe darasa la historia la sekondari linaloandika kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 dhidi ya utawala wa Wajerumani, wanafunzi wanne kwa hati moja. Dakika za mwanzo majina ya wote huonekana kwenye skrini. Muda si mrefu yule aliye hodari wa kuandika huzishika aya zote, wa pili hunakili maelezo ya Kinjikitile Ngwale, mganga aliyeeneza imani ya maji, kutoka mtandaoni na kuyabandika kama yalivyo, wa tatu hubadili ukubwa wa herufi za kichwa cha habari, na wa nne husoma kimya, kama anasoma. Kazi inayowasilishwa huwa nadhifu, hubeba majina manne na hupewa alama moja. Huo si ushirikiano hata kidogo. Ni jasho la mtu mmoja na nusu lililogawanywa kwa wanne, na alama ile inamfundisha mtegeaji kwamba kutegea kunalipa.

Ushirikiano wa kweli hupangwa. Mwaka 1971, mjini Austin, Texas, ambako watoto wa asili mbalimbali walikuwa wamewekwa katika madarasa mamoja baada ya miaka mingi ya kutengwa, mwanasaikolojia Elliot Aronson na wenzake walibuni njia isiyohitaji kompyuta yoyote: somo lilikatwa vipande, kila mtoto akapewa kimoja akielewe vizuri, kisha akawafundisha wenzake, kwa kuwa wote wangetahiniwa somo zima. Mtoto aliyedharauliwa jana akawa ndiye mwenye kitu ambacho wengine hawawezi kukipata kwingine. Darasa la Maji Maji nalo linaweza kupangwa hivyo: mmoja asome habari za kilimo cha lazima cha pamba, wa pili imani iliyotoka Ngarambe kwamba maji ya dawa yangezuia risasi, wa tatu Wangoni walivyojiunga, wa nne jeshi la Wajerumani lilivyochoma vyakula na njaa iliyofuata, kisha waulizwe swali moja ambalo hakuna anayeweza kulijibu peke yake, kwa mfano kwa nini jamii zilizokuwa mbalimbali ziliungana, na kwa nini njaa iliua pale ambapo risasi zilikuwa zimenyamaza. Hapo hati ya mtandaoni inapata kazi ya kweli, kwa sababu maoni ya pembeni yanakuwa mahali pa kuulizana na kubishana.

Ni kweli kwamba mwanafunzi mwenye haya huthubutu kuandika lile asiloweza kulitamka mbele ya darasa, na faida hiyo isibezwe. Lakini hata yeye hunyamaza pale ambapo hakuna anayesubiri mchango wake. Serikali nazo zimejifunza kwa gharama kwamba kifaa peke yake hakitoshi. Peru iligawa kompyuta za mpango wa One Laptop per Child, ambazo zilibuniwa ziweze kuunganika zenyewe kwa zenyewe, na tathmini iliyochapishwa mwaka 2012, iliyofanyika katika shule 319 za vijijini, haikuona mafanikio yoyote katika alama za hisabati na lugha. Nchini Tanzania walimu wamegawiwa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022, na hilo ni jema, ila kifaa hakimwambii mwalimu namna ya kukata somo vipande wala swali gani la kuuliza.

Vyuo vya ualimu na viifundishe kazi hiyo ya kupanga somo kabla ya kufundisha programu yoyote. Walimu walioko madarasani wasisubiri: hati nyingi za mtandaoni hutunza historia ya matoleo, yaani kumbukumbu ya nani aliandika nini na lini, na kila mwalimu aifungue kumbukumbu hiyo kabla ya kuandika alama.