Klasi moja, kazi moja

Wewe unayejifunza kuandika programu, hebu fungua ile klasi uliyoandika jana. Ikiwa inahifadhi majina ya wanachama, inapiga hesabu ya riba, inatuma SMS na bado inachapisha ripoti, hiyo si klasi tena. Ni matatu iliyojaza hadi mlangoni.

Klasi ni kalibu. Objekti ni tofali linalotoka humo. Wazo hili si geni: Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Norwei walikuwa nalo katika lugha ya Simula 67.

Chukua mfano wa chama. Klasi ya Akaunti yataka vitu viwili tu, jina la mwenyewe na salio, na kazi mbili: weka na toa. Basi. Salio lifiche ndani. Sanduku la chama hufungwa kwa kufuli. Mbona salio uliache wazi, kila sehemu ya programu ilibadilishe? Kazi ya toa ikague kwanza: mwenye shilingi 500 asitoe 800. Ukaguzi huo ukiutawanya pahali kumi, siku moja utarekebisha tisa usahau pa mwisho, na hapo ndipo pesa za mama mboga hupotelea.

SMS na ripoti zipe klasi zao.

Kwa hivyo kabla ya kuandika, eleza kazi ya klasi yako kwa sentensi moja. Ukijisikia ukisema "na pia, na pia", igawe. Usione haya, klasi fupi si ya mwanafunzi dhaifu.